Bei ya Kusindikiza

Ukitaka kujua kama uchumi umelala, usihangaike na redio. Nenda kwenye benchi la nje ya duka la rangi uangalie nani ameketi. Zamani benchi lile lilikuwa la kungojea mzigo: fundi anaketi, anafunga kamba za viatu, anaitwa, anabeba ndoo zake, huyo. Sasa lilikuwa limegeuka bunge. Fundi wa dari alikuwa na nafasi yake, fundi wa mabomba na yake, na fundi umeme, ambaye siku hizi aliuza mayai ya kuchemsha juu ya kisanduku chake cha bisibisi, alikaa mwishoni ili wapita njia wamwone. Watu walikuwa wameacha kukarabati. Waliokuwa wakijenga walikuwa wameishia kwenye lenta, juu tu ya madirisha, nondo zikitazama mbingu kama zinaomba dua.

Katikati ya benchi hilo aliketi Mkurugenzi.

Jina hilo alijipa mwenyewe, na hakuna wa kumlaumu. Mambo yalipokuwa mazuri alichapisha kadi zilizosema: Mkurugenzi Mtendaji, Kampuni ya Rangi na Huduma Nyinginezo. Kampuni yenyewe ilikuwa ngazi moja, rola, brashi kadhaa na yeye. Mtu akimwuliza hizo nyinginezo ni zipi, alicheka tu, maana hata yeye hakuzijua. Neno lile alilitia ili kadi ijae. Hali ilipokaza ndipo alipofundishwa maana yake. Nyinginezo ilikuwa kuzibua choo cha jirani. Ilikuwa kufukuza popo darini. Ilikuwa kupandisha kabati la watu ghorofani, kisha kulishusha tena kwa sababu mama mwenye nyumba amebadili mawazo. Hata ngazi yake ilipata ajira kabla yake: jirani aliikodi kwa kuanikia nguo, na kila asubuhi Mkurugenzi akitoka nje alikuta mtaji wa kampuni umevaa soksi za watoto wa watu.

Hakulificha hilo. Alikuwa na kipaji cha kujicheka kabla hajachekwa, na benchi zima lilimpenda kwa hilo. Aliwaambia wenzake kwamba kilichomwangusha si uchumi bali ujinga wake wa kufanya kazi vizuri. Kila nyumba aliyoipaka bado inang'aa. Fundi mwenye akili angeacha kona moja ya kubanduka ili mteja amkumbuke. Wenzake walicheka hadi mayai yakatikisika.

Kulia kwake aliketi mume wa dada yake mdogo, fundi rangi kama yeye, ambaye mtaa mzima ulimwita Shemeji kwa kuiga alivyoitwa na Mkurugenzi. Huyu alikuwa kinyume chake. Alikuwa mtu wa maneno machache kiasi kwamba mteja akimwuliza kazi itakwisha lini, alitazama ukuta, akatazama brashi, akasema, "Itakwisha." Na kweli ilikwisha. Hakuwa na kadi. Alikuwa na pampu ya kupulizia rangi, aliyoinunua enzi za neema na kuitunza kama mboni ya jicho. Aliifuta kila jioni hata siku ambazo haikutoka ndani ya boksi lake.

Sasa ni lazima nikueleze kuhusu kusindikiza, maana bila hilo hakuna hadithi. Mteja wa siku hizi haridhiki na bei moja. Anataka karatasi tatu za bei kutoka kwa mafundi watatu, azilaze mezani, azipambanishe. Basi fundi aliyepata mteja wa namna hiyo haiachii bahati. Anaandika bei yake, kisha anawaomba wenzake wawili waandike zao juu ya ile yake, ili yake ionekane ya huruma. Hiyo ndiyo bei ya kusindikiza. Msindikizaji halipwi kitu. Leo kwako, kesho kwangu. Adabu yake ni ile ile ya kumsindikiza mgeni: unafika naye njiapanda, mnaagana, unarudi kwako. Huendi kulala nyumbani kwake. Kama ni haki kwa mteja, sitakudanganya, si haki. Lakini njaa ilikuwa imeingia benchini, na hata hivyo adabu ile ilikuwa haijavunjwa na mtu.

Siku moja Shemeji alifungua kinywa bila kuulizwa, jambo lililowafanya wote wageuke. Kulikuwa na nesi mkuu mstaafu, mtaani wakimwita Matroni, aliyekuwa na hosteli ya wanafunzi yenye vyumba vingi na korido ndefu. Alitaka ipakwe yote kabla wanafunzi hawajarudi kutoka likizo. Shemeji aliwahi kumpakia geti, naye alikuwa amemwita. Pesa zilitoka kwa mwanawe aliyekuwa ng'ambo, na mwanawe, kama ilivyo kwa watoto wanaotuma pesa, hakumwamini mtu, hasa mama yake. Alitaka karatasi tatu.

"Nisindikize, shemeji," alisema Shemeji. Kisha akaongeza, na hapo Mkurugenzi akajua mambo si mchezo: "Hii nikiikosa nauza pampu, tunarudi kijijini kulima. Nimeshamwambia dada yako."

Mkurugenzi alimpiga bega, akamwambia asitie shaka, atamsindikiza hadi mlangoni. Msindikizaji wa pili alikuwa fundi wa dari, ambaye mwandiko wake ulifanana na kuku aliyekanyaga wino, na kwa kazi ile hilo halikuwa na tatizo.

Kuandika bei ya kusindikiza ni kazi ya dakika moja. Unachukua bei ya mwenzio, unaongeza, unatia sahihi. Fundi yeyote mwenye akili timamu angeishia hapo. Lakini Mkurugenzi alikuwa amekaa muda mrefu bila kuandika bei yoyote ya kweli, na mkono ulimwasha. Aliona aibu kuandika tarakimu peke yake, uchi, kama ya mtu asiye na kampuni. Bei kubwa lazima ivae suti. Basi akaanza kuivisha. Aliandika: kupiga msasa mara tatu. Akaandika: uchunguzi wa afya ya ukuta. Akajiona amepatia, akaongeza: ufuatiliaji baada ya matibabu. Alicheka peke yake mezani hadi mkewe akaja kusoma begani mwake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kwa kweli ndiye aliyekuwa akiiweka nyumba mjini wakati ule. Alisoma karatasi yote, akauliza kama ukuta nao utalazwa.

Simu ya Matroni ilimkuta Mkurugenzi amepiga magoti kwenye choo cha jirani, mkono wa kulia umezama hadi kiwiko. Aliipokea kwa wa kushoto. Matroni hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisema amesoma karatasi zote tatu. Ile ya bei ya chini ilimtia wasiwasi. Mtu wa bei hiyo, kwa maoni yake, hata kama geti alilipaka vizuri, hosteli nzima atapaka maji. Ya tatu alishindwa kuisoma. Halafu sauti yake ikalainika. Alisema ameuguza watu maisha yake yote, na katika miaka yote ya kushughulika na mafundi, huyu ndiye wa kwanza aliyetaka kujua mgonjwa anaumwa nini kabla ya kumpa dawa. Mwanawe naye ameipenda sana karatasi ile. Kazi ni yake.

Njiapanda ndiyo hiyo sasa. Maneno ya kuagana Mkurugenzi alikuwa nayo, tena mepesi: mama, kazi hiyo ni ya yule wa kwanza, mchukue, hapaki maji. Alifungua kinywa ayatoe. Kilichotoka ni: "Nianze lini?"

Alibaki amepiga magoti, simu mkononi, akijitazama kama mtu aliyejikwaa kwenye mguu wake mwenyewe. Alikuwa amefurahi, na furaha ile ilimtia kinyaa kuliko choo.

Alipofika benchini Shemeji alimsogezea nafasi, akamwuliza kama Matroni amepiga simu.

"Hajanipigia," alisema Mkurugenzi.

Njia ya mwongo ni fupi, ila ukiwa ndiyo kwanza umeianza huoni inakoishia. Alijiambia kwamba hakuiba, amechaguliwa. Alijiambia kwamba hata angeikataa, pengine Matroni angemtafuta mtu mwingine kabisa, wakakosa wote wawili. Alijiambia kwamba akimaliza atamtengea Shemeji kitu kidogo kwa siri, kama zawadi. Alijiambia mengi sana, kwa ufasaha wote wa mkurugenzi mtendaji, na mtu mmoja tu ndiye aliyekataa kumwamini, naye ni yeye.

Wa pili alikuwa mkewe. Alimpasha habari akitegemea kushangiliwa, na kweli mkewe alianza kutabasamu, kisha tabasamu likaishia katikati.

"Si ulikuwa unamsindikiza Shemeji?"

Akamweleza kuhusu hali ya uchumi. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu, kama wifi yake anajua. Mkurugenzi akasema atajua tu, siku hazigandi.

Wifi huyo ndiye dada yake Mkurugenzi, mke wa Shemeji, na wanawake hawa wawili walishona sare za shule pamoja. Mmoja alikata, mwingine alishona. Cherehani ilikaa kwa wifi kwa sababu kwake kulikuwa na dirisha kubwa, na mke wa Mkurugenzi alikwenda huko kila siku na fuko lake la vitambaa, akarudi jioni akiwa na habari za mtaa mzima. Tangu siku ile hakwenda. Alituma ujumbe kwamba kichwa kinamuuma. Kesho yake kilikuwa mgongo. Aliketi mlangoni akikunja pindo za sketi kwa mkono, kazi ya cherehani akiifanya kwa sindano, na Mkurugenzi alipomwambia anajitesa bure, alijibu bila kuinua macho kwamba hawezi kukaa dirisha moja na wifi yake, akimtazama usoni, huku akijua watu wale wanafungasha kurudi kijijini. Hakupaza sauti, na baada ya hapo hakulitaja tena. Nyumba ikawa kimya, na Mkurugenzi, ambaye angeweza kuchekesha benchi zima, hakupata hata mzaha mmoja wa kuingia nao ndani.

Kazi ilianza. Ngazi ilivuliwa soksi. Mkurugenzi alikwenda kazini kwa vichochoro, ndoo za rangi zimetiwa kwenye gunia la mkaa, kofia imeshuka hadi puani, na mara mbili aliwapita watu wanaomfahamu wakamsalimia kwa jina lake bila shida yoyote. Kujificha kumbe nako kuna ufundi wake, akawaza, na kwenye kadi haukuandikwa.

Huko hosteli nako kulikuwa na adhabu ya aina yake. Matroni aliamka mapema, akavaa miwani, akafanya mzunguko wa vyumba kama wodini. Alisimama mlangoni akauliza, "Huyu wa chumba cha mwisho ameamkaje?" Mkurugenzi alikuwa ameandika uchunguzi wa afya, na Matroni alikuwa ameulipia, basi ilimbidi auchunguze. Aliugonga ukuta kwa kidole, polepole, kama alivyoona daktari akigonga kifua cha mtu. Alibandika sikio. Alifumba macho. Ukuta, uliojengwa vizuri na watu waliojua kazi yao, haukuwa na la kusema. "Anaendelea vizuri, mama," alitangaza, na Matroni akatikisa kichwa kwa kuridhika akaenda kwa mgonjwa mwingine. Siku nyingine alimwuliza kama ukuta umelala vizuri, na Mkurugenzi akajisikia akijibu kwamba umepata usingizi baada ya saa sita.

Likizo ilikuwa inakwisha na korido yote bado. Peke yake asingemaliza, hata ukuta ungekuwa na afya ya chuma. Akampigia simu mwenye duka la rangi, aliyezoea kuwatafutia mafundi vibarua, akamwomba amtumie mtu mmoja kesho asubuhi. Na kwa kuwa alikuwa na siri ya kulinda, aliongeza sharti. Mtu huyo asiwe na maneno mengi.

Mwenye duka aliguna, kisha akasema anaye.

Mtu mwingine yeyote angejiuliza. Mkurugenzi hakujiuliza. Alikuwa ameketi kwenye benchi lile mwaka mzima, kati ya wasemaji waliobobea, watu wanaoweza kuhutubia juu ya bei ya saruji hadi mate yakauke, na hakukumbuka kwamba pale mtu asiye na maneno mengi alikuwa mmoja tu.

Asubuhi iliyofuata Matroni alikuwa ametoka tu chumbani baada ya mzunguko wake. Mkurugenzi bado alikuwa na sikio ukutani, mdomo wazi kidogo kwa kuigiza usikivu, aliposikia nyayo zikisimama nyuma yake. Akageuka. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, amevaa ovaroli lake la zamani, brashi yake imefungwa kwenye gazeti kwapani. Alimtazama Mkurugenzi. Aliutazama ukuta. Kisha akaitazama ile korido ambayo aliipima kwa futi yake mwenyewe siku alipokuja kuandika bei.

"Bosi," alisema, "nianzie wapi?"

Tangu siku alipomwoa dada yake hakuwahi kumwita jina jingine zaidi ya shemeji. Mkurugenzi alianza kueleza. Alieleza hali, akaeleza simu, akaeleza hata choo. Alisema alikuwa anakuja kumwambia, alikuwa anangoja tu wakati mzuri. Shemeji alisubiri hadi maneno yakaisha, kama mtu anavyosubiri bomba linalotoa hewa, kisha akauliza ndoo iko wapi.

Walifanya kazi asubuhi nzima. Shemeji alifungua gazeti lake, akailainisha brashi kwa kidole, akaanza kukata mstari wa juu, pale ukuta unapokutana na dari, bila utepe, mkono hautetemeki, ule mstari ambao Mkurugenzi huuvuta akiwa amezuia pumzi na bado ukatokea na mawimbi. Kila alipohitaji kitu alikiomba kwa adabu. Bosi, rangi imepungua. Bosi, naomba nipite. Bosi, ngazi hii inacheza. Laiti angemtukana. Mkurugenzi aliomba moyoni atukanwe, atukanwe sana, yeye na kadi zake, ili apone. Ila Shemeji hakuwa mtu wa kutoa dawa bure.

Baadaye Matroni aliingia na sinia la chai. Alimtazama yule mtu wa juu ya ngazi, akarekebisha miwani.

"Wewe si ndiye yule wa bei ya chini?"

Neno moja tu la Shemeji, na kila kitu kingekuwa nje ya geti: ngazi, ndoo, mkurugenzi mwenyewe. Na Shemeji alikuwa na haki ya neno hilo kuliko mtu yeyote duniani.

"Ndiye mimi, mama," alisema Shemeji. "Nilikosa. Bosi amenihurumia, amenipa kibarua."

Akakichukua kikombe chake, akaushukuru mkono uliompa.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipolemewa. Mtu ambaye yeye alimnyang'anya kazi alikuwa amemfunika nguo hadharani, na hakufanya hivyo kwa urafiki wa benchini. Alifanya kwa sababu ya dada mtu, na kwa sababu ndivyo alivyo. Mkurugenzi aliiweka brashi kwenye ndoo. Alikuwa na hotuba nyingi maishani, na hii ilikuwa fupi kuliko zote.

"Mama, huyu hakukosa. Kazi ni yake. Mimi nilikuwa namsindikiza."

Matroni hakuelewa, ikabidi aelezwe. Alielezwa karatasi tatu zilivyoandikwa, nani aliongeza juu ya nani na kwa nini, na jinsi yale maneno mazuri yalivyoingia ili tu bei ipande. Alisikiliza kwa uso wa nesi aliyeapiwa na wagonjwa wengi kwamba dawa wamemeza.

"Kwa hiyo huu ukuta haujawahi kuumwa?"

"Haujambo kabisa, mama."

"Na mimi nimekuwa nikiamka kila siku kuujulia hali."

Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi alianza kukunja ule mfuko wa plastiki aliotandika sakafuni, maana alijua kinachofuata ni kufukuzwa. Matroni alisema angeweza kuwatoa wote wawili, na wote wawili walistahili, kwa sababu kusindikizana kwao ni uongo ule ule, tofauti ni kwamba unaimbwa na kwaya. Lakini wanafunzi wanarudi, na korido haiwezi kubaki na nguo nusu. Kwa hiyo kazi ni ya huyu wa juu ya ngazi, kwa bei iliyo kwenye karatasi yake yeye, si zaidi. Na kila kitu kilichoandikwa kwenye ile karatasi nyingine kitafanywa, msasa mara tatu na ufuatiliaji wake wote, kwa sababu mwanawe ameshasomewa na ameshafurahi, na yeye hatampigia simu kumwambia ameliwa pesa na matapeli.

Kisha akamnyooshea Mkurugenzi kidole, akamwuliza Shemeji amfanyeje huyu.

Shemeji alimaliza chai yake kwanza. Aliutazama mstari wake wa juu, akaufuata kwa macho hadi mwisho wa korido. Mkurugenzi akajua kwamba hakuna wa kumsemea, na kwamba sharti ainame mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "una nafasi ya kibarua?"

"Ukipunguza maneno," alisema Shemeji.

Mchana wote Mkurugenzi alipiga msasa ukuta usio na kosa lolote. Aliupiga mara ya kwanza, akaupiga ya pili, na ya tatu vumbi lilipomjaa puani na mabega yakaanza kuomba talaka, alikumbuka jinsi alivyocheka mezani akiandika mstari ule. Angeandika mara moja tu angekufa? Hata mbili? Mkurugenzi mtendaji alikuwa akilipia ufasaha wake kwa nguvu za mkono, na hapakuwa na wa kumpunguzia. Lakini aligundua pia kwamba anapiga mluzi.

Jioni Shemeji aliosha brashi, akaifunga kwenye gazeti. Alimpa ujira wa kibarua, ule ule wanaopewa vibarua wote, bila kuongeza na bila kupunguza. Akamwambia kesho awahi, na ajaribu kuinyoosha ile ngazi, kisha akasema pampu wataileta kesho kutwa kwa ajili ya dari. Alisema "tutaileta". Mkurugenzi alilibeba neno hilo njia nzima, akipita barabara kubwa, kofia mkononi.

Mkewe alikuwa mlangoni na sketi mapajani. Alimtazama kuanzia nywele, zilizokuwa nyeupe kama za babu yake, hadi viatuni, akamwuliza amefanywa nini. Mkurugenzi alimweleza yote bila kupamba, hata pale pa sikio ukutani, hata pale alipoitwa bosi. Alimwambia kampuni imefilisika rasmi na mkurugenzi wake ameajiriwa kibarua kwa shemeji yake. Akamwonyesha ujira wenyewe kiganjani. Ulikuwa mdogo, akangoja kuambiwa kwamba ni mdogo.

Mkewe hakuutazama. Alichomeka sindano kwenye pindo, akainuka, akaingia ndani, akatoka na fuko la vitambaa, mkasi na uzi, amekwisha vaa viatu. Mkurugenzi alimwambia jua linazama, na hajala chochote.

"Nitakula kwa wifi," alisema, akiwa tayari barabarani.